Beji Isomeke, Theluji Ipishe

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Idara za Maegesho, Halmashauri zote za England.

YAH: UTII WA THELUJI KWA KANUNI ZENU

Waheshimiwa, pokeeni pongezi kwa kazi ngumu ya kuyalinda maegesho ya watu wenye ulemavu dhidi ya watu wenye ulemavu. Kanuni za mwaka 2000 hazina fumbo: Beji ya Buluu ya mwenye ulemavu ikae juu ya dashibodi, upande wenye alama ya kiti cha magurudumu ukitazama juu, na isomeke kwa aliye nje ya gari. Kwenye mistari ya manjano huongezwa saa ya kadibodi inayoonyesha wakati gari lilipofika, maana muda usizidi saa 3. Yote haya yanawezekana Julai. Januari, kioo cha mbele kikishashikwa na barafu kwa nje na ukungu kwa ndani, beji huwa imelala palepale mlipoamuru, ila haisomeki. Na anayetakiwa kujieleza ni mwenye beji, si mawingu.

Sasa tumtazame huyo mwenye beji. Anayelipwa posho ya ulemavu iitwayo PIP hupata beji moja kwa moja akiwa na alama 8 au zaidi katika kipengele cha kutembea, yaani amethibitishwa kwamba hawezi kupita mita 50. Mwingine huipata kwa sababu mikono yake yote miwili ina ulemavu mkubwa: gari analiendesha, lakini mashine ya kulipia maegesho inamshinda. Ushahidi huo mmeutaka ninyi, mkaukagua, mkauridhia, mkatoza hadi pauni 10. Kisha theluji ikianguka, mnasahau mlichokiandika. Aliyeshindwa na mashine sasa aweze kukwangua barafu ya kioo kizima. Asiyefika mita 50 atoke kwa daktari kila theluji inapoanza upya, akapanguse, arudi kwenye foleni. Tena kabla ya yote hayo ajue ameegesha wapi, kwa sababu beji haimruhusu kusimama mahali palipokatazwa kupakia na kushusha mizigo, na katazo hilo huonyeshwa kwa alama za manjano kwenye ukingo wa barabara. Alama ziko chini ya theluji, pamoja na mistari. (Msinijibu kwa kifungu cha 229 cha mwongozo wa barabarani, Highway Code, kinachomtaka dereva asafishe vioo. Hicho kinamhusu anayetaka kuondoka, huyu amekwishafika.)

Najua mtakalosema: beji ni ya mtu, si ya gari. Leo mwenyewe yuko kwenye gari la mpwa wake, kesho kwenye teksi, na walaghai ni wengi, kwa hiyo lazima ionekane. Hoja ya kwanza ni ya kweli na naiheshimu. Ya pili inanipa taabu, kwani picha ya mwenye beji iko upande wa nyuma, ule mnaoagiza ulale chini. Askari wenu akichungulia kiooni hata siku ya jua kali haoni sura ya mtu. Anaona namba, tarehe ya kuisha na jina la halmashauri. Kitu cha maana hapo ni namba ya beji, na namba hiyo iko kwenye rejesta ya beji. London wanalijua hilo zamani: kwa msamaha wa tozo ya msongamano wa magari, mwenye beji huandikisha magari yasiyozidi mawili, kamera zikasoma namba za magari, na hakuna anayeuliza dashibodi ina nini. Baadhi ya halmashauri za jiji hilohilo hutoa beji mwenza iliyofungwa kwenye namba ya gari moja, kwa sababu beji halisi ikianikwa kiooni huwaita wezi. Kwa hiyo anayetumia gari lilelile kila siku aruhusiwe kuliandikisha. Anayehamahama aendelee na dashibodi yake.

Mtasema pia kwamba rufaa dhidi ya faini ipo. Ipo, ila karibu nayo mmeweka punguzo la nusu kwa atakayelipa ndani ya siku 14, na mtu mwenye maumivu, hata akiwa na haki yote, atapiga hesabu ya barua, picha na wiki za kusubiri, kisha alipe. Faini zinazolipwa kwa uchovu msizihesabu kuwa ushahidi wa makosa.

Sheria ya mwaka 2013 iliwapa maofisa wenu uwezo wa kuishikilia beji inayotumiwa vibaya. Wakati rejesta ikingoja kuunganishwa na namba za magari, naomba waongezewe uwezo mdogo zaidi: kupangusa kiganja kimoja cha theluji kabla ya kuandika faini. Panapo barafu ngumu, waandike tu “haikuonekana” badala ya “haikuwepo”, kisha waende zao. Kama brashi zitahitaji zabuni, itangazwe sasa hivi; ikitangazwa Novemba, brashi zitafika Mei.

Wenu mtiifu, hali ya hewa ikiruhusu.