Papa Mshauri Anajibu: Sanduku la Santuri na Mke Mwenye Haraka

"Papa Mshauri, jambo sana. Marehemu baba, aliyefanya kazi mgodini Shinkolobwe enzi za Wabelgiji, aliniachia sanduku zima la santuri. Mke wangu anataka niziuze tununue CD, maana sanduku limekaa mahali pa kitanda cha mtoto. Nifanyeje? – Mrithi, Kikula, Likasi."

Jambo sana, mwanangu. Umegonga mlango wenyewe. Kuanzia Panda hadi Shituru hakuna anayenishinda kwa mambo ya muziki. Waliowahi kubisha wamekwisha kufa, na waliobaki nawadai pesa, kwa hiyo wananyamaza.

Hukusema santuri zenyewe ni za aina gani. Watu huniandikia kana kwamba naona kupitia ukuta. Bahati yako, naona. Ikiwa baba alipokea mshahara Shinkolobwe kabla ya uhuru wa 1960, basi nyingi humo ni zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika: dakika tatu hivi kila upande, ukiidondosha unaokota vigae. Hizo si plastiki. Zimetengenezwa kwa utomvu mgumu wa mdudu wa Asia, utomvu uleule ambao maseremala huuyeyusha kwa spiriti wakang'arishia meza. Jirani yangu mmoja hakulijua hilo, akasugua ya kwake kwa lutuku ili kuondoa vumbi. Upande wa kwanza uligeuka lami, na lutuku iliyobaki akainywa kwa huzuni. Wewe tumia kitambaa laini, ufuate mzunguko wa mifuo.

Na humo sandukuni, nabashiri, imo ya Mwenda Jean Bosco.

Hapa niruhusu nikae kidogo. Bosco, mtoto wa Bunkeya, alikuwa akipiga gitaa hapa kwetu, mji ukiitwa bado Jadotville, Hugh Tracey alipopita na mashine yake ya kurekodia mwaka 1952. Ndipo "Masanga" ikaingia kwenye santuri ya Gallotone ya Afrika Kusini, ikasikika hadi Nairobi, ambako Bosco mwenyewe alikwenda baadaye kutangaza vidonge vya Aspro. Kidole gumba na cha shahada tu, lakini ukisikiliza utaapa kuwa wapigaji ni wawili na wamegombana kidogo. Tracey hakunirekodi mimi kwa sababu moja: nilikuwa sijazaliwa. Mluzi wangu wa alfajiri, "Masanga" yote pamoja na besi, umewahi kumfanya mwenye nyumba anipe nauli ya kuhama.

Sasa angalia tabia ya vitu vya kwetu. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp aliona urani Shinkolobwe. Ikasafirishwa kwanza Ubelgiji kutolewa radiamu. Mwaka 1940 mawe ya tani zipatazo 1,200 yakapelekwa New York, yakafichwa ghalani Staten Island, na tarehe 6 Agosti 1945 watu wa Hiroshima wakaujua utajiri wetu kabla sisi wenyewe hatujaambiwa. Sauti ya Bosco nayo ikafuata njia: rekodi za Tracey zinatunzwa Afrika Kusini, na CD nzuri ya magitaa ya Katanga ya miaka ile ilitolewa na kampuni ya SWP ya Uholanzi. Kitu cha Likasi huondoka kizito, kikarudi chepesi na chenye bei. Wewe sasa unataka kuondoa hata kilichobaki chumbani kwako?

Najua pia unaloogopa kuniuliza, kama santuri zilizoishi Shinkolobwe zina madhara. Gizani haziwaki, lala usingizi. Vumbi la mgodi ndilo la kuogopa: ulifute mfuniko wa sanduku kwa kitambaa chenye unyevu, nje ya nyumba, bila kulipuliza na kulivuta puani. Na nikupe la kusimulia: Wamarekani waliwahi kuuza burashi za kufutia santuri zenye poloniamu ndani yake, kitu kinachozaliwa urani inapooza polepole. Miale yake huondoa umeme tuli unaofanya vumbi ling'ang'anie. Shida ni kwamba poloniamu hiyo hupungua nusu kila siku 138, kwa hiyo burashi haidumu. Tangu nilisome hilo najitangaza mtaalamu wa nyuklia, na serikali haijakanusha. Lakini usiende kuokota jiwe la kusugulia. Mgodi ulifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004, na mwaka uleule ulibomoka ukaua wachimbaji.

Turudi kwa mke wako, ambaye ana haki zaidi ya anavyojua. CD moja hubeba dakika 74, yaani santuri kama kumi na mbili za baba yako katika kisahani cha sentimita 12. Sindano haiichakazi, maana husomwa kwa mwanga wa leza, tena kuanzia katikati kwenda nje, kinyume cha santuri. Ila watu wanabembeleza upande unaong'aa na kuulaza wenye maandishi juu ya meza yenye mchanga, kumbe muziki umelala chini tu ya maandishi hayo, umefunikwa kwa rangi nyembamba. Huko ndiko kunakoua. Ile unayochomewa sokoni kwa kompyuta ni dhaifu zaidi. Iache juani mbele ya kioo cha gari, utakuja kusikiliza kimya cha hali ya juu. Na umeme ukikatika, CD ni kioo cha kunyolea ndevu. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono haimuulizi mtu habari za umeme, na wageni wanaoizungusha hupata mazoezi ya bure.

Dawa, basi. Santuri zisimamishwe wima sandukuni, mbali na ukuta wa jua la mchana. Juu ya sanduku andika kwa rangi ya njano: SHINKOLOBWE, USIFUNGUE. Mwizi hatagusa, shemeji hatagusa, na panya, ingawa hasomi, ataambiwa na wenzake. Mtoto alazwe juu ya sanduku hilohilo kwa godoro jembamba. Mimi nililelewa hivyo, na unaona sikio nililonalo. Kila Jumapili, mke akila bukari, mpigie upande mmoja. Asipotikisa bega, rudia. Nilikuwa na njia ya tatu, bora kuliko hizi, inayohusu mimi, gitaa na mama mkwe wa mtu, lakini mhariri ananionyesha saa.

Haraka, basi: tafuta kijana mwenye kompyuta na sindano nene ya 78, maana sindano ya LP ni nyembamba, itaburuzika chini ya mfuo na kukuletea kelele. Anakili zote, umpe mke CD zake. Za dukani nunua kwa nyimbo usizonazo tu. Sanduku halitoki.

"Papa Mshauri, nina rundo la CD, wanangu wanasema niziingize kwenye simu halafu nizitupe. – Aliyeachwa Nyuma, Panda."

Soma jibu la juu. Panapoandikwa santuri weka CD, panapoandikwa mke weka wanao.

Na wasomaji wote wenye santuri za Jadotville: akija mgeni anayetaka kununua kwa kilo, mwambieni Papa Mshauri ameweka oda. Pesa nitatafuta.