Gari Lisilo na Shahidi

Miongoni mwa mambo ambayo mwanadamu huyatolea ushahidi pasipo kuulizwa, na kuyatia chumvi pasipo kuona haya, hakuna linaloshinda ulaji wa mafuta wa gari lake. Na gari lenyewe likiwa ni pikapu kubwa ya dizeli, basi msikilizaji na afunge mkaja wa subira, kwani hadithi itakuwa ndefu na hesabu yake fupi.

Huko Marekani, gari dogo jipya huuzwa na kibandiko dirishani chenye kueleza litakwenda maili ngapi kwa galoni moja, ambayo ni lita 3.8 hivi, lakini sheria imeyasamehe mapikapu ambayo uzito wake pamoja na shehena umekadiriwa kupita pauni 8,500, yaani kilo 3,850 na ushei. Kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo huachiwa awe mdai, shahidi na kadhi katika kesi moja, nami sijapata kusikia kesi ya jinsi hiyo ikahukumiwa dhidi yake.

Shemeji yangu akaaye Houston analo moja, lenye injini ya lita 6.7, na kila aketipo penye kahawa hushuhudia kwamba halipungui maili 21 kwa galoni. Hoja yake ni tarakimu za dashibodi, ambazo aghalabu huzitazama gari likiwa tupu, barabara nyeupe, na mguu umekaa juu ya mafuta kwa adabu. Dada yangu, mkewe, aliyelelewa nyuma ya meza ya duka la marehemu baba, haamini hesabu isiyo na risiti. Basi siku tuliyokwenda San Antonio harusini, tukikokota trela la masufuria, majamvi na viti, alishuka mwenyewe kituoni, akahakikisha tangi limejazwa mpaka bomba la pampu likajikata, akaziandika maili, akaitia risiti mkobani bila ya kunena neno.

Njiani shemeji alitupa darsa: kwamba galoni ya dizeli ina nguvu kuliko ya petroli, kwamba ukizidisha mwendo maradufu, upinzani wa hewa huwa si mara mbili bali mara nne. Yote hayo ni kweli tupu, ila aliyasema akienda maili 80 kwa saa, na trela likiyumba nyuma.

Tulisimama mahali pa mapumziko kusali adhuhuri, na gari lilipowashwa tena likalia, taa ikawaka. Magari haya ya sasa hayanywi dizeli peke yake. Yana tangi la pili la maji ya urea, yanayopulizwa katika moshi ili kuupunguzia sumu, na yakimalizika kompyuta hulinyima gari mwendo mpaka lipewe haki yake. Shemeji alikuwa amelipuuza onyo la kupungua kwa maji hayo kwa siku kadhaa, madhali urea haimo katika hesabu ya maili kwa galoni. Sasa tukatambaa maili 5 kwa saa ukingoni mwa barabara, malori yakitupigia honi, na mzee mmoja aliyetoka kutembeza mbwa wake akatupita, akatupungia mkono kwa huruma. Hata katika hali ile shemeji alinikumbusha kwamba upinzani wa hewa umetoweka kabisa.

Tuliporudi Houston, dada alilijaza tangi kwenye pampu ile ile, akagawanya maili kwa galoni juu ya bahasha, akapata 13. Shemeji, mjukuu wa nahodha, alijitetea kwa upepo, ambao kwa kauli yake ulikuwa wa mbisho wakati wa kwenda, na wa mbisho vile vile wakati wa kurudi.

Dada hakubishana naye. Alisema kwa heshima zote kwamba mke mwema huamini neno la mumewe, na tangu siku hiyo, katika bajeti ya nyumba, fedha za mafuta huzitenga kwa hesabu ya maili 21 kwa galoni, kama mwenyewe alivyoshuhudia. Upungufu wowote, shemeji hujazia kwa fedha za mfukoni mwake. Nasikia siku hizi haendi zaidi ya maili 55 kwa saa, na kahawa huifuata kwa miguu.