Alama za Kutuma na Alama za Kuacha Nyumbani

Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, hufanya masomo saba, manane, au tisa akijihisi ana misuli, lakini yanayohesabiwa katika gredi ya wastani ni saba tu. Tangu matokeo ya 2023, saba hayo ni Hisabati, lugha moja, na mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 12, kwa hiyo jumla haiwezi kupita 84. Somo la nane, lile ambalo mzazi alilinunulia atlasi mpya na kulilipia masomo ya ziada likizo nzima, hubaki kwenye karatasi ya matokeo kama mgeni aliyefika arusini bila kadi: amevaa vizuri, lakini sahani haimfikii.

Kwa anayeomba chuo kikuu kupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, hesabu hupungua tena. Kila kozi ina klasta yake ya masomo manne, na pointi za masomo hayo, zikichanganywa na ile jumla ya saba, hutoa pointi za klasta zisizozidi 48. A ya Muziki ni jambo la kupongezwa na ukoo mzima, ila haizibi pengo la Fizikia kwa anayetaka uhandisi. Na jambo ambalo wengi hawalipendi ni kwamba KUCCPS huyapata matokeo kutoka baraza la mitihani, KNEC, lenyewe. Mwombaji anaandika nambari yake ya mtihani na mwaka alioufanya, analipa ada, anachagua kozi. Kwa hiyo ukiuliza atume alama ngapi, jibu ni sufuri.

Jibu hilo halijawahi kukubalika Kitale wala Bungoma. Maombi yakifunguliwa, saiba za karibu na stendi ya Kitale na zile za upande wa Kanduyi hujaa vijana walioandamana na wazazi, na kila mzazi ana bahasha ya kaki kwapani. Mhudumu anataka nambari. Mzazi anataka vyeti vionekane. Hata anayeomba Kibabii, chuo kikuu kilichopewa hati mwaka 2015 na kinachofikika kwa bodaboda kutoka mjini Bungoma, hupitia tovuti ileile. Kuipeleka bahasha langoni hakuongezi hata nusu pointi. Mazungumzo huwa ya namna hii:

“Kijana wangu, weka na hii ya KCPE. Huyu alipata 388.”

“Mzee, hapa hakuna pa kuweka KCPE.”

“Basi iandike pembeni.”

Pembeni hapapo. KCPE, mtihani wa shule ya msingi wa alama 500 uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, hauingii katika hesabu ya klasta hata chembe. Hata hivyo mzee hakukosea kabisa kuibeba karatasi: mara nyingi nywila ya kwanza ya kuingia kwenye tovuti imekuwa nambari ya cheti cha kuzaliwa au ile ya KCPE. Nambari inahitajika, alama hazihitajiki. Ni vigumu kumweleza hivyo mtu aliyechinja jogoo kwa ajili ya zile 388.

Aliyerudia KCSE ana mtihani wa pekee. Ana matokeo mawili, na tovuti hufungua ya mwaka mmoja kwa wakati mmoja. Shangazi atashauri yatumwe yote, ili wakubwa waone bidii. Lakini mashine haina macho ya kuona bidii. Kinachofaa ni kupiga hesabu ya klasta kwa kila mwaka, kisha kuingia na ule wenye pointi nyingi.

Mambo hubadilika kwa vyuo vinavyopokea maombi kwa mkono. Hapa nakala zinatakiwa kweli: KCSE, cheti cha kumaliza shule, kitambulisho, pengine cheti cha kuzaliwa. Mwombaji mwenye busara huambatisha zilizotajwa na kukomea hapo, kwa sababu kila karatasi ya ziada ni nafasi nyingine ya majina kugombana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Nafula. KCPE inasema Nafula Faith. KCSE inasema Faith Wanjala, na kitambulisho kimekusanya yote na kuongeza la babu. Karani asingegundua lolote kama karatasi za ziada zingebaki kabatini. Sasa inatakiwa hati ya kiapo, na wakili wa ghorofa ya pili, ambaye alikuwa anafunga ofisi, anawasha tena taa.

Kisha kuna lamineti. Familia nyingi za mteremko wa Mlima Elgon, zikijua mvua ya huko na mabati yao, huvifunika vyeti kwa plastiki siku vinapotoka shuleni. Cheti hakitalowa kamwe. Kikipigwa picha kwa simu, taa ya saiba hung'aa katikati ya Kemia na gredi haisomeki. Ikiwa ilikuwa D, basi hiyo ni bahati.

Wanaoelekeza macho Marekani hukutana na desturi tofauti kabisa: huko mwombaji huchagua alama za kutuma. Njia hiyo ya Marekani si ngeni katika maeneo haya, kwani KenSAP, programu iliyoanzishwa mwaka 2004 na mwandishi John Manners na mwanariadha Mike Boit, imewaandaa vijana huko Iten kwa SAT na maombi ya vyuo hivyo. SAT ni ya alama 400 hadi 1600, inaweza kurudiwa, na tangu 2009 mtahiniwa anaruhusiwa kuamua matokeo ya siku gani yatumwe. Vyuo vingi huokota alama bora ya kila sehemu kutoka siku tofauti, jambo ambalo aliyerudia KCSE angelilipia kwa ng'ombe. Vingine, kama Georgetown, vimekuwa vikidai zote. Chuo Kikuu cha California hakitazami hata moja katika kuchagua wanafunzi, ilhali MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, na Yale, Dartmouth na Harvard wakafuata mwaka 2024.

Pale ambapo kutuma ni hiari, vyuo hutangaza alama za nusu ya kati ya waliosajiliwa. Alama iliyo ndani ya nusu hiyo au juu yake hutumwa. Iliyo chini yake sana hunyamaziwa, hata kama mjomba amekwisha kuitangaza kanisani. Vyuo vingi huruhusu mwombaji aandike alama mwenyewe na kuleta ripoti rasmi akishakubaliwa, hali inayookoa ada ya kila ripoti. Matokeo ya TOEFL, mtihani wa Kiingereza, nayo hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo anayeahirisha safari mpaka mahindi yauzwe vizuri ajiandae kuulipia upya.