Dar kwa Usukani: Kero Kumi, Kuanzia ya Mwisho

Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Haikuuliza wangapi kati yao walikuwa wamekwama kwenye foleni wakati karani anagonga mlango, ila mwenye gari hahitaji takwimu. Mji umetambaa hadi Bunju, Mbezi, Chanika na Chamazi, lakini bandari, ofisi na Kariakoo vimebaki palepale. Asubuhi wote tunamiminwa mjini kwa barabara nne, Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, na jioni tunarudishwa kwa zilezile. Barabara ya Mandela nayo inakatiza na malori yake ya Zambia na Kongo, yasiyo na haraka wala huruma.

Hapo ndipo vituko vinapozaliwa. Hivi hapa kumi, kuanzia kinachochekesha tu hadi kile kinachokufanya umkumbuke kwa uchungu aliyekushauri ununue gari.

10. Gari lako halijui Kiswahili

Magari mengi tunayoendesha yameshatumika Japani. Ukiwasha, mama mmoja mwenye sauti ya upole anakusalimia kwa Kijapani. Huenda anakukumbusha kufunga mkanda, huenda anakulaani. Wewe mwitikie tu, uende zako. Redio nayo ilitengenezwa kwa masafa ya kwao, yanayoanzia 76 na kuishia karibu na 90, wakati stesheni zetu zimejazana hadi 108. Fundi anakufungia kifaa cha kusogeza masafa, unaondoka gereji na stesheni moja na nusu. Ramani kwenye kioo chake inaamini kabisa uko Nagoya. Saa moja asubuhi, ukiwa Tazara, unatamani iwe kweli.

9. Tuta la siri

Yapo matuta ya serikali, yenye rangi na kibao. Yapo pia matuta ya wananchi, yaliyomwagwa usiku na mtaa uliochoka kugongewa kuku. La serikali unaliona. La wananchi linakuona wewe.

Dalili yake ni moja tu: gari la mbele linaruka. Ukishaona hivyo umeshachelewa. Kipimo halisi cha ndoa mjini hapa ni mwenzi wako aliyepakata sufuria ya mchuzi wa shughuli, na tuta la pili lililo hatua tatu baada ya la kwanza.

8. "Ukifika kwa Remmy, nipigie"

Ramani ya simu inakwambia kata kushoto uingie barabara yenye jina la heshima. Mkazi wa hapo hajawahi kulisikia. Dar inaelekezwa kwa majina yake yenyewe: Sinza Kwa Remmy, Tegeta Kwa Ndevu, Buguruni Sheli, Mbagala Rangi Tatu. Mwanamuziki Remmy Ongala alifariki 2010, lakini makonda wanamwita kila siku. Mgeni akifika Tangi Bovu anauliza tangi lenyewe liko wapi, na hapo ndipo wenyeji wanapomjua kuwa ni mgeni.

Halafu kuna mazungumzo haya:

– Uko wapi?

– Nimeshafika, niko Mbezi.

– Mbezi ipi?

Jioni yako imekwisha. Mbezi Beach iko upande wa Barabara ya Bagamoyo, Mbezi ya Kimara iko Barabara ya Morogoro, na katikati yake kuna vilima vya Goba. Mwenyeji wako atakutia moyo: "Njoo tu, hapo hapo, dakika tano." Dakika tano za Dar hazijawahi kukamatwa na saa yoyote.

7. Mwalimu wa kuegesha

Umezunguka Kariakoo hadi umejua bei za vitenge bila kushuka. Mara unaona upenyo. Na kijana, aliyekuwa hayupo, yupo. "Njoo, njoo, njoo! Kata yote! Nyoosha! Njoo, bosi, njoo!" Ile "hapo hapo!" inafika pamoja na mlio wa bampa. "Hamna kitu, mkubwa, imegusa tu."

Sasa anataka hela ya kukulindia gari. Mpe. Hujiulizi kwa nini taa na vioo vya magari ya mji huu vimechorwa namba za usajili? Kioo cha pembeni kisichochorwa kina miguu. Kikishatembea, utani wa mjini unasema uwahi Gerezani ukakinunue chako mwenyewe kabla hakijapata gari lingine. Na ukikikuta usikikumbatie, bei itapanda.

6. Daraja la kukuwahisha kwenye foleni

Hatuwezi kusema hatukujengewa. Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa 2018. La Kijazi likafuata 2021 pale Ubungo, ghorofa juu ya ghorofa. Mwaka 2022 likaja la Tanzanite, zaidi ya kilomita moja juu ya maji ya bahari, kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi karibu na Coco Beach. Unapanda, upepo unakupiga, abiria anapiga picha, roho inatulia. Kisha unashuka na kukuta aliyepita daraja la zamani la Salenda ameshika nafasi mbele yako.

Foleni za mji huu haziuawi, zinahamishwa. Angalau Daraja la Kigamboni, la tangu 2016, lina heshima yake: unalipia kulivuka. Ndiyo foleni pekee inayokupa risiti.

5. Duka lisilohitaji kuegesha

Ulitoka nyumbani kwenda kazini. Umefika kazini na korosho, maji mawili, chaja, miwani, fremu ya picha na kamba ya kuvutia gari. Nani alikutuma? Foleni.

Wamachinga wa barabarani wanaujua mji kuliko wapanga mipango miji. Trafiki wakianza ukaguzi, pembetatu na mitungi ya kuzimia moto inafika dirishani kabla hujakumbuka kuwa huna. Mvua ikinusa, miavuli. Februari ikifika katikati, maua mekundu, maalumu kwa aliyesahau. Na bei ina sheria yake: inaanza juu magari yakiwa yamesimama, inashuka magari yakianza kusogea, na taa ikiwa kijani muuzaji anakimbia nawe sambamba akitaja bei aliyokukatalia dakika kumi zilizopita. Mnunuzi mzoefu hatoi pochi mpaka matairi yaanze kuzunguka. Shida ni chenji. Chenji ikibaki mkononi mwa mtu anayekimbia nyuma yako, mtajua wote wawili nani ana mbio.

4. Masika

Kila mwaka, kati ya Machi na Mei, Bonde la Msimbazi hukumbuka kwamba ni la mto. Maji yakijaa Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi husitishwa, na waliozoea kupita pale huhamia kwa waliozoea kupita Kigogo. Waliozoea Kigogo hawafurahi.

Dereva wa Dar anapima kina cha maji kwa kumtazama mtembea kwa miguu. Yakimfika gotini, pita. Yakimfika kiunoni, geuza. Kipimo kizuri, ila kina kasoro moja: hujui yule mtu ana urefu gani. Kasoro ya pili ni Land Cruiser iliyokutangulia. Imepita bila wasiwasi, nawe na Vitz yako ukaona basi njia ni nzima. Usiifuate Land Cruiser majini. Yenyewe ina bomba la kupumulia juu ya paa. Wewe una imani.

3. Taa ya kijani, mkono wa afande

Taa imesema nenda. Afande mwenye sare nyeupe amesema simama. Kisheria afande ndiye mwenye neno la mwisho, kwa hiyo taa zinaendelea kubadilika rangi pembeni, peke yao, bila mteja. Upande wa kulia wameitwa. Wa kushoto wameitwa. Hata mkokoteni wa magodoro umeitwa. Upande wako afande hajaugeukia tangu azaliwe. Kisha vinasikika ving'ora, na wale waliokuwa wanakaribia kuitwa wanarudi mwisho wa mstari. Serikali imehamia Dodoma. Ving'ora vingine vinasubiri barua ya uhamisho.

Ukisimamishwa wewe binafsi, hapo ndipo adabu za Kiswahili zinapogeuka juu chini. Mzee mwenye wajukuu anashusha kioo na kumwambia kijana wa umri wa mwanawe, "Shikamoo, afande."

– Marahaba. Mzee wangu, umeona ule mstari?

– Mstari upi tena, baba?

– Uliopita juu yake.

Mstari wenyewe ulifutika siku nyingi. Lakini hiyo si hoja ya kumtajia mtu aliyeshika mashine ya faini.

2. Utatu wa barabarani: daladala, bajaji na boda

Daladala haina haja ya indiketa, ina konda. Mkono wa konda ukichomoza dirishani, hilo si ombi, ni taarifa. Kituo ni popote alipo abiria, na abiria yuko popote. Ukimpigia honi anakutazama kwa mshangao wa kweli: wewe hapa umekuja kufanya nini?

Bajaji inaamini kwamba tairi la mbele likipita, mengine ni maelezo. Dereva wake hakuchomekei kwa ubaya. Ameona nafasi baina yako na gari la mbele, ile uliyoiacha kwa ajili ya usalama, akadhani umemwekea.

Na boda? Ukiangalia kioo, hayupo. Ukiacha kuangalia, yupo, na kioo nacho hakipo. Anapita kulia, kushoto, juu ya njia ya waenda kwa miguu, akiwa amepakia abiria, friji na mbuzi mwenye utulivu kuliko wote. Omba usimguse. Ukimgusa mmoja, wenzake wanatokea kutoka mitaa ambayo hukujua ipo, na mahakama inakaa papo hapo barabarani. Hukumu inatoka kwanza, maelezo baadaye.

Hata hivyo, siku ukiwa na ndege saa nne na uko bado Magomeni saa mbili na nusu, utaliacha gari na kumwita nani? "Boda!" Basi tuwaseme kwa adabu.

1. Mjanja

Ulidhani namba moja ni konda. Hapana. Namba moja amevaa shati lililopigwa pasi, yumo ndani ya gari safi lenye kiyoyozi, na anasikiliza kipindi cha redio kinacholalamikia foleni.

Anafika njia panda. Taa ni ya kijani, lakini mbele hapana nafasi hata ya baiskeli. Anaingia. Wa nyuma yake anaingia pia, asije akaonekana mshamba. Taa inabadilika. Sasa wa upande wa pili wana kijani yao halali na ubavu wa gari la mjanja mbele yao. Wafanye nini? Nao wanaingia, wajibane pembeni. Baada ya muda mfupi pande zote nne zimefungana, na aliyeanza hawezi kutoka kwa sababu waliomfuata wamemzingira. Honi zinalia mji mzima, kila mpiga honi akimlaani mtu fulani, na hakuna anayejiona kuwa ndiye.

Ndugu yake wa damu ni mtanuaji. Anaona njia mbili zimesimama, anashukia kwenye vumbi la pembeni na kuanzisha ya tatu. Anayemwona anaanzisha ya nne. Kule mbele, kwenye kivuko chembamba, njia nne zinatakiwa kuwa mbili tena, na ndiyo maana mstari mzima hausogei. Binamu yao ndiye anayeingia njia ya mwendokasi, akaenda vizuri sana mpaka alipoona sare nyeupe kwa mbali. Sasa anawasha indiketa, iliyokuwa haijawaka tangu gari litoke melini, akiomba kurudi kwa watu aliowaacha. Ghafla wote wanatazama mbele kwa makini makubwa.

Kero tisa zilizotangulia zina wa kulaumiwa: mvua, tuta, afande, Wajapani. Hii haina. Barabara za Dar hazina upungufu wa watu wenye akili. Zina wengi mno wanaotumia akili zao kwa sekunde ileile. Madaraja yataongezwa na njia zitapanuliwa, lakini hakuna mhandisi anayeweza kuchora njia panda ya kumtosha mtu asiyetaka kusubiri zamu yake.

Kwa hiyo kesho asubuhi, taa ikiwa kijani na mbele yako hakuna nafasi ya gari lako lote, baki nyuma ya mstari. Wa nyuma atapiga honi. Mwache apige. Honi haijawahi kusukuma gari.