Mashitaka Dhidi ya Bibi Mmoja wa Newala
Barua ya wazi kwa Mheshimiwa anayezihofia fedha za mafukara

Mheshimiwa Bwana,

Naomba idhini nikuletee mashitaka. Niliisikia hotuba yako uliyoitoa hadharani, ambamo ulionya, kwa sauti ya mtu aliyekesha akilitafakari jambo, kwamba fedha wanazogawiwa maskini wa vijijini zinawalemaza, zinawazoesha kukaa vibarazani, na aghalabu huishia kilabuni. Nami, kwa kuwa ni raia mwema nisiyependa kuona mali ya umma ikifanyiwa israfu, nikaazimia kukusaidia kwa kumtafuta mhalifu mmoja, nimpeleleze kwa makini, na nikuletee habari zake pasipo kuficha hata moja. Nimempata. Ni mjane aliyepindukia miaka 60, mkazi wa kijiji kimoja cha uwanda wa Newala mkoani Mtwara, anayelea wajukuu wawili wa shule ya msingi, mwenye mikorosho michache aliyoachiwa na marehemu mumewe, shamba la muhogo, na goti moja linalomtesa msimu wa mvua. Jina lake silitaji, kwa kuchelea usije ukampelekea askari kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho.

Nianze na kiasi cha fedha yenyewe. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulio chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, na uliozinduliwa mwaka 2012, uliipangia kila kaya iliyoandikishwa ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi; kaya yenye mtoto ikaongezewa 4,000; na kila mwanafunzi wa shule ya msingi akawekewa 2,000, kwa sharti kwamba mahudhurio yake darasani yasipungue asilimia 80. Kwa hesabu hiyo mshitakiwa wangu alistahiki 18,000 kwa mwezi, na kwa kuwa malipo hutolewa kila baada ya miezi miwili, siku ya malipo alikuwa akishika shilingi 36,000 kwa mkupuo. Nakiri kwamba fedha hizo zinatisha. Mtu mwenye uzoefu, akiketi na wageni wake wawili katika mkahawa mzuri wa mjini, akaagiza samaki na vinywaji baridi, aweza kuzimaliza kwa utaratibu na adabu kabla kahawa haijaletwa. Sasa je, zikiangukia mikononi mwa bibi ambaye hajapata kuhudhuria hata semina moja ya matumizi bora ya fedha?

Nilikuwapo siku ya malipo. Walengwa, kama wanavyoitwa, walikusanyika tangu asubuhi chini ya mkorosho ulio karibu na ofisi ya kijiji, kila mmoja na kitambulisho chake kilichofungwa katika upindo wa kanga au kutiwa katika mfuko wa plastiki. Wakangoja mpaka jua likawa utosini, ndipo majina yakaanza kuitwa. Mshitakiwa alitia dole gumba katika wino, akalikandamiza kwenye karatasi, akazihesabu noti zake mbele ya karani, kisha akazunguka nyuma ya ofisi, mahali asipoonekana na jamaa wenye shida za ghafla, akazihesabu upya. Hapo nikajua kwamba nina mtu mwenye kutenda jambo. Nikamfuata.

Alikwenda dukani moja kwa moja, na huko akatenda kosa la kwanza: alilipa deni. Ilikuwa sabuni, chumvi, mafuta ya kula ya kupima na unga wa wiki mbili, vyote vimeandikwa kwa kalamu ya wino katika daftari la mwenye duka, ambaye aliuchora mstari mrefu juu ya maandishi hayo, akampa pole ya goti. Nilipomwuliza kwa faragha tangu lini amekuwa karimu hivyo, alinitazama kana kwamba nimetoka mbali, akanieleza kwamba hapo zamani asingemkopesha bibi yule hata kiberiti, si kwa chuki, bali kwa sababu hakujua angelipwa kwa kitu gani wala lini. Lakini madhali sasa anajua kwamba fedha huja kila baada ya miezi miwili, humkopesha bila wasiwasi. Tazama basi ufisadi ulivyo mkubwa, Mheshimiwa: fedha ya Serikali, kabla haijafika kijijini, imekwisha kulisha watu kwa wiki kadhaa kwa sababu tu inatarajiwa.

Makosa mengine nayapitia haraka. Alinunua madaftari na kaptula ya shule. Alilipa mchango wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho akina mama hao wamekiunda bila mshauri mwelekezi. Akanunua mitetea watatu, naye hakuwachinja, wala mayai hakuyala, bali aliwaacha waatamie. Na miezi ilipopita, majogoo waliotokana na uzao huo akawauza, akapata fedha ya salfa ya kupulizia mikorosho, ambayo mwaka uliotangulia ilikosa dawa ikashikwa na ukungu wa unga hadi maua yakapukutika. Mtu asiye makini angeona hapo kuku watatu. Mimi niliona mtaji, tena mtaji uliopatikana pasipo hata andiko la mradi.

Lakini kosa kubwa, ambalo kwalo naomba unisikilize kwa utuvu, ni la kumkosesha riziki mtu wa kangomba. Huenda hujabahatika kuonana naye, maana yeye hapiti penye lami. Kila mwaka, baina ya Januari na Machi, makopa ya muhogo yanapokuwa yamekwisha na mahindi ya msimu hayajakomaa, hupita mtu mpole mwenye pikipiki na maneno matamu, akaingia nyumba hii na nyumba ile akiuliza hali. Na anapojibiwa kwamba hali si njema, huchomoa noti chache au huacha debe la mahindi, akasema kwamba yeye hataki riba, hasha, riba ni haramu, ila tu akumbukwe wakati wa kuokota korosho. Oktoba ikifika hukumbukwa, apende asipende mwenye shamba. Naye huja na kipimo chake mwenyewe, akachukua korosho za jasho la mwaka mzima kwa thamani ya lile debe la njaa, kisha akazipeleka mnadani na kuuza kwa bei ambayo mwenye mikorosho hataiona. Ndiyo maana familia ikawa na korosho na ikabaki na njaa, mwaka baada ya mwaka, wala haikuwa kwa uvivu. Iliuza mavuno kabla ya maua. Bibi huyu, kwa kiburi kilichotokana na shilingi 18,000 zako, alimkaribisha yule mtu uani, akampa maji ya kunywa, akamwambia kwamba safari hii hana shida. Korosho zake alizipeleka mwenyewe kwenye chama cha msingi cha ushirika, zikaingia ghalani, akapewa stakabadhi yake.

Bila shaka wakumbuka kwamba kangomba imeikosesha Serikali usingizi. Novemba 2018 jeshi liliagizwa kwenda kuzikusanya korosho za kusini, bei ikatangazwa kuwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wakahakikiwa mmoja mmoja ili mwenye kangomba asipenye. Magari yalikuwa mengi na vumbi lilikuwa jingi. Siyasengenyi majeshi, maana kuyasengenya si adabu. Nasema tu kwamba ajuza mmoja mwenye goti bovu ameifanya sehemu yake ya jukumu hilo akiwa amekaa kwenye mkeka, na hakudai posho ya safari.

Kuhusu kilabu, nina masikitiko. Nilikwenda, nikakaa, nikangoja, na niliowakuta hawakuwa walengwa; wawili kati yao ni watu wenye mshahara, nao walinishauri niache upelelezi ninywe. Nilipoona ushahidi wa kijijini unaniangusha nikaukimbilia wa wataalamu, na hao nao hawakuwa na huruma kwangu. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti za Amerika ya Kilatini, Afrika na Asia kuhusu swali hili hili la pombe na tumbaku, wakaona kwamba matumizi hayo hayapandi kaya inapopewa fedha, na mara nyingi hata hushuka kidogo. Hapa kwetu, kabla mpango haujaenea nchi nzima, ulijaribiwa Bagamoyo, Chamwino na Kibaha katika vijiji 80, nusu vikaanza kulipwa na nusu vikangoja zamu, ili tofauti ionekane. Na iliyoonekana ni watoto wenye viatu, watu wengi zaidi waliojiunga na bima ya afya ya jamii, na mifugo midogo iliyoongezeka uani. Kwa majirani zetu wa Siaya, nchini Kenya, ambako familia zaidi ya 10,000 zilipewa kila moja kiasi cha dola 1,000 (zile hazikuwa za kila mwezi, na tofauti hiyo ina maana), wachumi waliofuata nyendo za fedha walikuta kila dola iliyoingia imezalisha takriban dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo hilo, na bei za vitu hazikupanda ila kwa kiasi kisichotajika. Hata wasiopewa walinufaika, kwa kuuza na kwa kuajiriwa.

Najua utanijibu kwa habari ya kaya hewa. Ni kweli, na aibu yake haifutiki: uhakiki uliofanywa mwaka 2016 uliwaondoa kwenye orodha makumi ya maelfu ya wasiostahili, wakiwamo waliokwisha kufa. Lakini niambie, Mheshimiwa, ni nani aliyewaandika? Bibi yangu hutia sahihi kwa dole gumba. Hawezi kumfufua marehemu katika daftari. Kazi hiyo yataka kalamu, muhuri, na kiti cha kukalia.

Na hapo ndipo lilipozaliwa pendekezo langu. Madhali umeona kwamba masharti humtengeneza mpokeaji tabia, si insafu neema hiyo iishie Newala. Naomba kila mwenye kupokea posho ya kikao, kabla hajalipwa, asimamishwe katika mkutano wa hadhara wa mtaa wake, majirani wajadili mbele yake kama kweli ni mhitaji, na wapige kura kwa kunyoosha mikono. Yaletwe madaftari ya shule ya wanawe, na mahudhurio ya mtoto yakiwa chini ya asilimia 80, posho ya baba ikatwe. Mkewe akikosa kliniki, ikatwe tena. Atie dole gumba, hata kama ana shahada mbili. Alipwe kila baada ya miezi miwili, chini ya mti, katika tarehe atakayoijulia siku hiyo hiyo; na akisha kulipwa aje mgeni mwenye kamera, amwombe amshike mbuzi aliyemnunua na kutabasamu. Mwisho wa yote apande mtu jukwaani, aseme kwamba posho zimemlemaza.

Au, kama hilo ni zito, tazama ng'ambo. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka katika hazina yake yenyewe, pasi na kumwuliza kama ni fukara au ni mwenye nacho, na baadaye ikaipandisha hadi 50,000. Nilitega sikio nisikie kwamba wazee wa Makunduchi na Micheweni wameacha msikiti kwa ajili ya anasa. Habari hiyo haijawasili.

Sitaki unielewe vibaya ukadhani nimeigeuza ruzuku kuwa dawa ya kila ugonjwa. Bibi huyu bado ni maskini. Maji ya uwanda ule hununuliwa kwa ndoo. Zahanati ambako walengwa hulazimika kuwapeleka watoto wao huwa na ratiba nyingi za kliniki kuliko dawa. Na darasa ambalo wajukuu wanahudhuria kwa asilimia 80 lina watoto wengi kuliko madawati. Kumtaka fukara ahudhurie, kisha kutomwekea cha kuhudhuria, ni sharti la upande mmoja, na upande huo si wako.

Baada ya upelelezi huu nimebakiwa na shitaka moja tu linalosimama, na kwa bahati mbaya halimhusu yeye. Nguvu yote niliyoieleza, tangu daftari la mwenye duka hadi mtu wa kangomba kuondoka na glasi ya maji, hutokana na tarehe zaidi ya kiasi. Malipo yakichelewa miezi mitatu, minne, bila neno la udhuru, mwenye duka hulifunga daftari. Mitetea huuzwa kwa bei ya kutupa. Mchango wa kikundi hukosekana na bibi huona haya kwenda kikaoni. Na pikipiki husikika tena njiani. Shilingi zile zile 36,000 zikifika baadaye hukuta korosho zimekwisha kuuzwa, na zikatumika kulipa madeni yaliyoletwa na kuchelewa kwake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naiondoa kesi yangu dhidi ya bibi wa Newala, na nakuomba jambo moja lisilohitaji semina wala kamati: itangaze tarehe ya malipo, ibandikwe ukutani pa ofisi ya kijiji, na ikifika, lipa. Malipo ya zamu iliyopita bado hayajaonekana, na Januari inakaribia.

Wako mtiifu,
Mpelelezi wa kujitolea