Stadi ya Kuteleza na Hasara Zake katika Miteremko ya Kilimanjaro

Wataalamu wa saikolojia ya kujifunza huita uhamisho wa stadi hali ile ambayo mwili au akili, ikishazoea kazi moja, huyachukua mazoea hayo na kuyatumia katika kazi nyingine ambayo haijapata kufundishwa. Mwaka 1901 Wamarekani wawili, Edward Thorndike na Robert Woodworth, walitoa hoja ambayo hadi leo haijazeeka, kwamba stadi huhama kwa kadiri ya mambo ambayo kazi hizo mbili zinashirikiana, na pasipo ushirika huo mazoezi ya miaka mingi hayamfai mtu kitu. Hoja hiyo ilitokana na majaribio ya kukadiria ukubwa wa maumbo ya karatasi, na ni bahati mbaya kwa elimu kwamba wataalamu hao hawakupata kusimama kwenye njia ya udongo ya Kibosho siku ya tatu ya mvua za masika, kwani huko wangeiona ikithibitishwa kila baada ya dakika chache, tena kwa kishindo.

Mfano unaofaa zaidi kuieleza ni wa mbao tatu: ubao wa kupandia mawimbi ya bahari, sketibodi, yaani ubao mfupi wenye magurudumu manne, na ubao wa theluji, ambao mchezaji hufungwa juu yake miguu yote miwili. Mbao hizi ni za ukoo mmoja. Wa kwanza ulitoka Hawaii; wa pili ulienea California katika miaka ya 1950, wapanda mawimbi walipotafuta cha kufanya siku ambazo bahari imetulia; wa tatu una mzazi anayejulikana, Sherman Poppen wa Muskegon, Michigan, ambaye siku ya Krismasi ya 1965 aliunganisha skii mbili ili binti zake wateleze wakiwa wamesimama kiubavu. Anayehama kutoka ubao mmoja kwenda mwingine huhama na mguu wake wa kutangulia, ambao kwa wengine ni wa kushoto na kwa wengine wa kulia, huhama na magoti yaliyokunjwa, na huhama na desturi ya kutazama aendako, si vidole vyake. Ndiyo maana Mjapani Ayumu Hirano aliweza kushindana kwa sketibodi katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, na miezi michache baadaye akatwaa dhahabu ya ubao wa theluji huko Beijing.

Upo, hata hivyo, uhamisho hasi, nao ni ule ambao zoea la zamani huharibu kazi mpya. Mpanda mawimbi huongoza ubao wake kwa kuukandamiza sana mguu wa nyuma. Akifanya hivyo kwenye theluji, mbele ya ubao huwa nyepesi, ubao hukataa kupinda, na bingwa wa bahari hujikuta amekaa kitako mbele ya watoto wa miaka sita.

Afrika Mashariki imechangia ushahidi wake katika suala hili kupitia Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya wa masafa ya kati, ambaye alipelekwa Finland kufundishwa skii kwa imani kwamba mapafu ya Bonde la Ufa yatafanya kazi popote. Mapafu yalihama bila matatizo. Miguu ilichelewa kidogo: katika mbio za kilomita 10 za Olimpiki ya Nagano, mwaka 1998, Boit alimaliza wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimsubiri mwishoni mwa mbio na kumkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, jambo linalodokeza kwamba shukrani huhama kwa urahisi kuliko mbinu.

Moshi haina bahari, na theluji yake iko juu mno na inazidi kupungua; barafu ya Kibo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake tangu 1912, na kingo za iliyobaki zimesimama wima kiasi kwamba hazifai kwa mchezo wowote unaohitaji mtu kufika chini akiwa mzima. Mbao, basi, zimekosa mahali, lakini kuteleza kwenyewe hakujakosa wanafunzi. Mtoto wa Uru au Marangu huanza na gubi la mgomba, yaani lile ganda nene lililopinda linaloufunika mgomba, ambalo hulikalia na kuteremka nalo kwenye majani yaliyolowa, akiongoza kwa visigino. Akikua huhamia kwenye daladala aina ya Haisi, ambayo dari yake fupi humlazimu abiria aliyekosa kiti kuinamisha shingo, kukunja magoti, na kutanguliza mguu mmoja kati ya magunia, mkao uleule ambao walimu wa ubao wa theluji huufundisha kwa ada kubwa. Abiria huyu huzimudu kona zote za barabara ya Machame kwa ustadi. Kinachomshinda ni sauti ya mtu wa nyuma akisema "Shusha!", kwa kuwa breki zikikamatwa ghafla uzito wake huendelea na safari peke yake hadi kwenye trei la mayai la abiria wa mbele.

Mlimani penyewe hali ni ya kufundisha zaidi. Wapandaji wanaotoka kambi ya Barafu kuelekea Stella Point, mita 5,756, huanza safari karibu na usiku wa manane, na moja ya sababu ni kwamba baridi hugandisha changarawe za volkano na kuzifanya zikanyagike; asubuhi, jua likishazilegeza, kila hatua ya kushuka huteleza. Mwongozaji huziteremka kwa kukita kisigino, goti likiwa limelegea, na kuuacha mchanga umbebe. Mgeni aliyewahi kucheza kwenye theluji hukumbuka mafunzo yake, hugeuka kiubavu, na hugundua kwamba miguu isiyofungwa kwenye ubao mmoja haina mkataba wowote wa kwenda pamoja. Chini zaidi, kwenye tope na mizizi ya msitu wa Mweka, hupitwa na wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, ambao wana mzigo unaoruhusiwa kufika kilo 20 na bado wana pumzi ya kumwambia "pole".

Somo gumu kuliko yote hutolewa Desemba, wakati Wachaga waishio Dar es Salaam na kwingineko wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Mtu mzima anayeteremka kwenda kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo, kwa wazazi aliteleza kwa gubi kwenye njia hiyohiyo utotoni, hivyo kwa hesabu ya Thorndike hakupungukiwa na kitu. Lakini soli sasa ni ya ngozi laini. Kitambi kimesogeza mbele kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wote wa mwili huhesabika kuwa umekusanyika hapo. Mkono mmoja umeshika simu na mwingine mfuko wa zawadi. Mguu wake wa kutangulia hutangulia kama ulivyofunzwa, wa nyuma huufuata kwa kasi kubwa zaidi, na safari huishia kwenye mfongo, ule mfereji wa asili wa kumwagilia migomba. Shangazi yake, anayepita peku akiwa na ndala mkononi na mkungu wa ndizi kichwani, humpa pole bila kupunguza mwendo, kisha huuliza kama sukari imelowa.