Wiki ya Kuvunja Kikoba, Kompyuta Ikagoma

Kikoba chetu kinavunjwa kila Desemba. Hisa zote za tangu Januari, riba za mikopo na faini za waliochelewa vikaoni zinajumlishwa, kisha kila mwanamke anaondoka na gawio lake. Kuna mwenye ada ya mtoto inayomsubiri Januari, kuna aliyekwisha kuahidi mabati kwa fundi wa nyumba. Mimi ndiye mweka hazina. Fedha zinakaa kwenye kasha la chuma lenye makufuli matatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti, ili asipatikane mtu wa kulifungua peke yake. Hesabu za nani amekopa nini na amerejesha kiasi gani zinakaa kwenye kompyuta, sebuleni kwetu Tabata.

Ni mashine ya mezani ya mtumba. Ilitumika ofisini huko Ulaya, ikaletwa kwa kontena, baba watoto akainunua Kariakoo binti yetu alipoanza kidato cha kwanza. Haijawahi kutusumbua. Binti anaandikia kazi zake za shule, mdogo wake anaangalia katuni, na usiku ikishakuwa yangu naingiza marejesho ya wiki.

Alhamisi ya wiki ya kuvunja, jioni, ikaomba kusasishwa. Ilikuwa imeomba hivyo mara nyingi na kila mara ikamaliza salama. Safari hii ilijizima ili iwake upya, asilimia zikaanza kupanda kwenye kioo, na mvua iliyokuwa imetanda tangu alasiri ikashuka kwa kishindo. Umeme ukakatika mtaa mzima. Tulilala gizani.

Asubuhi umeme uliporudi, feni ya mashine ilizunguka na taa ya mbele ikawaka kama kawaida. Kioo kikawa cheusi, kisha kikageuka bluu. Juu kulikuwa na nukta mbili na mabano, ule uso wa huzuni. Chini yake maelezo kwamba mashine imepata tatizo, na mwishoni kabisa, kwa maandishi madogo, kwamba kifaa cha kuwashia hakifikiki. Ikajizima. Ikajiwasha. Ikarudi palepale kwenye bluu.

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Korogwe, alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai. "Mkwe wangu," akasema, "hizo si hela za watu?"

Nilimpigia fundi wa mtaani kwetu. Hakuuliza mengi. "Dada, hiyo apdeti imeiua. Niletee hiyo CPU, napiga Windows, saa mbili tu unaondoka nayo." Nikamuuliza faili zangu zitakuwaje. "Zile za kwenye desktop zitaondoka, ila mashine itakuwa kama mpya."

Hapa lazima niseme ninachokiamini. Kupiga Windows kumekuwa dawa ya kila ugonjwa katika vibanda vyetu vya mafundi, na dawa hiyo imemaliza picha za harusi, picha za wazazi waliokwisha kufariki, tasnifu za wanafunzi na vitabu vya biashara. Mfumo wa kompyuta unapatikana tena wakati wowote. Unapakuliwa, unawekwa, kazi inaendelea. Kilichoandikwa na mwenye mashine hakipatikani popote. Na mara nyingi mashine isipowaka faili ziko salama kabisa kwenye diski, hazijaguswa, zinangoja mtu wa kwenda kuzichukua. Fundi anayefuta diski kabla ya kumuuliza mteja ana nini ndani anafanya kazi nyepesi kwake na kumwachia mwenzake hasara ya miaka. Kwa kikoba hasara hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi kama vyetu vinasajiliwa na vinatakiwa kuwa na kumbukumbu zinazoeleweka. Sikuipeleka.

Mwenyekiti wetu nilimpigia palepale, maana jambo la fedha za watu halifichwi hata saa moja. Alikaa kimya kidogo, kisha akatoa maelekezo: kila mwanachama aje na kitabu chake cha hisa, mihuri ihesabiwe upya ikibidi. Mihuri ya hisa ingetosha kwa hisa. Lakini mikopo yenye riba, marejesho ya nusunusu na faini, hayo yalikuwa kwenye daftari langu hadi mwezi Agosti tu. Yaliyofuata yalikuwa kwenye mashine.

Mchana akafika shemeji yangu, mdogo wa baba watoto, anayesoma chuo Dodoma na alikuwa likizo. Akaitazama ile bluu, akavuta kiti. "Shemeji, usiipeleke popote. Kwanza tutoe vitu ndani ya nyumba, ndipo tuangalie paa."

Alichofanya kinaweza kufanywa na yeyote mwenye kompyuta ya jirani na flashi ya GB 8. Alipakua Linux, akaiandika kwenye flashi kwa namna ya kuwashia, akaichomeka kwenye mashine yetu na kuiamuru iwake kutoka kwenye flashi badala ya diski. Linux ya namna hiyo inaendesha kazi zake kwenye kumbukumbu ya muda na haiandiki chochote kwenye diski mpaka uiambie. Ili kuchagua flashi alilazimika kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule wa maandishi matupu unaotangulia kila kitu. Binti yetu alikuwa ameegemea meza akiangalia.

"Mbona inasema tarehe 1 Januari 2008?" akauliza. "Mimi hata sijazaliwa."

Hakuna aliyemjibu. Wote tulikuwa tunaitazama diski.

Nilikuwa na hofu moja: kompyuta nyingi za siku hizi zinafunga diski yote kwa siri, na bila ule ufunguo wa tarakimu 48 huoni kitu hata ukiitoa diski na kuipeleka kwingine. Yetu haikuwa imefungwa. Folda zikajitokeza moja moja: muziki wa baba watoto, kazi za jiografia, na katikati yao ile niliyoiita KIKOBA kwa herufi kubwa. Nikalifungua jedwali. Majina yote yalikuwepo, safu ya mikopo ilikuwepo, na mstari wa mwisho ulikuwa marejesho ya Jumapili iliyopita, pamoja na lile deni la mama wa genge nililoliwekea rangi ya njano ili nimkumbushe. Mama mkwe alisema alhamdulillahi kabla yangu. Tulinakili kwenye flashi nyingine, tukanakili tena kwenye simu ya baba watoto, nikampigia mwenyekiti.

Kama nia ingekuwa hesabu tu, kisa kingeishia hapo. Lakini mashine bado ilikuwa haiwaki, na jioni ile palizuka mjadala wa kweli nyumbani.

Baba watoto alitaka apdeti zizimwe moja kwa moja na zisifunguliwe tena. Alikuwa na hoja. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft; ndege zilibaki viwanjani, na mafundi wakalazimika kupita mashine kwa mashine. Shemeji akamjibu kwa mfano wa upande wa pili. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hospitali za umma za Uingereza zikiwemo, kwa kupitia tundu ambalo sasisho lake lilikuwa limekwisha kutolewa tangu Machi mwaka huohuo. Wengi walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimesasishwa. Mimi nasimama na shemeji. Mashine yenye fedha za wanawake wenzangu siiachi na tundu linalojulikana dunia nzima eti kwa kuogopa kuwaka upya.

Binti ndiye aliyetukatiza. Alikuwa ameiwasha mashine tena peke yake, akaingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio, akarekebisha tarehe, akaizima, akachomoa waya ukutani, akaurudisha. "Njooni muone. Imerudi 2008."

Shemeji akasimama. "Betri," akasema.

Tuliifungua. Vumbi lilikuwa limelala kwenye feni kama sufi. Kwenye ubao mkuu, pembeni, kulikuwa na kidude cha duara cha fedha chenye ukubwa unaokaribia sarafu, kimeandikwa CR2032. Tarakimu hizo ni vipimo vyake: milimita 20 kwa upana, milimita 3.2 kwa unene. Betri hiyo ya volti 3 ina kazi moja, kuitunzia kompyuta saa na mipangilio yake ya msingi wakati haipati umeme kabisa. Utaratibu huo umekuwepo kwenye kompyuta za jamii hii tangu IBM ilipotoa PC AT mwaka 1984. Betri ikifa, mwenye nyumba anaweza asijue kwa muda mrefu, kwa sababu mashine ya mezani iliyochomekwa ukutani inaendelea kunyonya umeme kidogo hata ikiwa imezimwa, na umeme huo unatosha kuitunzia kumbukumbu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Ile mvua ikakata umeme usiku kucha. Betri iliyokwisha kufa zamani ikashindwa kazi yake, na mashine ikaamka ikiwa imesahau ilivyopangwa.

Kati ya vilivyosahaulika ni namna ya kuisoma diski. Muuzaji wa Kariakoo alipoweka mfumo alikuwa ameipanga mashine iisome diski kwa mtindo wa AHCI, unaozoeleka majumbani. Kiwandani ilikuwa imewekwa kwa mtindo wa RAID, wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi pamoja. Iliposahau, ikarudi kwenye mpango wa kiwandani. Mfumo ukaamka na kuikuta diski inasomwa kwa mtindo ambao haukuandaliwa, ukasema kile ulichokisema tangu asubuhi: kifaa cha kuwashia hakifikiki. Sote tuliyasoma maneno hayo, lakini kwa kuwa apdeti ilikuwa imetangulia, apdeti ndiyo iliyobebeshwa kesi.

Fundi wa redio jirani yetu aliipima betri kwa mita. Haikufika hata volti 1. Mpya tuliipata kwa muuza saa wa hapohapo stendi, maana betri hizohizo zinatumika kwenye rimoti za magari na mizani ya kupimia uzito. Binti aliipachika mwenyewe, upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Akaweka tarehe na saa. Shemeji akashuka hadi kwenye ukurasa wa diski, akabadili RAID kuwa AHCI, akahifadhi.

Kioo kikawa cheusi. Nembo ikatokea, na chini yake vidoto vikaanza kuzunguka, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu Alhamisi. Kisha maandishi: inarudisha mabadiliko, usizime kompyuta. Sasisho lililokatwa na giza lilikuwa linajiondoa lenyewe, kama lilivyotengenezwa kufanya. Ilichukua muda mrefu. Mama mkwe alikataza mtu yeyote asiwashe pasi wala jagi la umeme, na mawingu yakatazamwa sana dirishani. Ilipowaka, picha ya paka aliyoiweka mdogo wake binti ilikuwa palepale kwenye kioo. Usiku huohuo sasisho likaombwa tena, tukaliruhusu, likamaliza.

Nilimpigia fundi wa mtaani nikamweleza yote, kwa sababu anahudumia nusu ya Tabata. Alinisikiliza vizuri. Akauliza betri inakaa upande gani wa ubao kwenye mashine za aina ile, na kwa kuwa sikujua kumwelekeza kwa maneno, nikampa binti simu.

Jumapili tulivunja kikoba. Jedwali lilisomwa mstari kwa mstari mbele ya wanachama, kila mmoja akilinganisha na kitabu chake mkononi, na mama wa genge akalipa deni lake la njano kabla ya jina lake kufikiwa. Mwishoni niliomba kinunuliwe kifaa cha kuhifadhi umeme, kile cha kuipa mashine dakika za kutosha kujizima vizuri. Mmoja akapendekeza fedha zitoke kwenye mfuko wa jamii. Mwenyekiti akakataa kabisa: mfuko ule ni wa misiba na magonjwa. Ubishi ulikuwa mkali, na mwisho ikakubalika kwamba kila mwanachama atachangia kidogo kutoka kwenye gawio lake, na nakala ya hesabu itakaa kwenye flashi ndani ya kasha, ikibadilishwa kila Jumapili makufuli yakifunguliwa.